Neno langu limefutwa kwa sababu ni la Bukavu

Shangazi,

Natumai u mzima. Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Bukavu, mashariki ya Kongo, ila nimeishi Nairobi miaka mingi na kazi yangu ni kushona nguo. Nilipofika hapa nilijiunga na chuo cha ushonaji, na hapo ndipo nilipopata marafiki wanne ambao mpaka leo nawahesabu kama ndugu. Nitawaita kwa miji wanakoishi sasa: Unguja, Mombasa, Mwanza na Columbus. Huyu wa mwisho alimfuata mumewe Marekani.

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa la salamu, harusi na michango mpaka mwaka 2022, watu walipoanza kutumiana viboksi vya kijani na njano vya Wordle, ule mchezo wa Kiingereza wa kubahatisha neno la herufi tano. Columbus alitufundisha, tukaupenda. Baadaye Mombasa akauliza kwa nini tusitege maneno ya kwetu. Tangu hapo tunacheza wenyewe kwa mkono. Mmoja anawaza neno la Kiswahili lenye herufi tano, wengine wanakisia kwa zamu, naye anajibu kwa viboksi. Kijani maana yake herufi imo na imekaa mahali pake. Njano, imo lakini si hapo. Nyeupe, haimo. Kundi zima lina nafasi sita. Tunaanza saa tatu usiku watoto wakishalala. Columbus kwake ni mchana, kwa hiyo anacheza akiwa kwenye mapumziko ya chakula kazini.

Refa wetu ni Unguja kwa sababu ana kamusi kubwa mezani. Neno likibishaniwa yeye anafungua, anasoma, tunaendelea. Sikuwahi kuona ubaya wowote hapo.

Siku moja zamu ya kutega ikawa yangu, nikachagua SOMBE. Mombasa akaanza na TEMBO. Nikamjibu nyeupe, njano, kijani, kijani, njano. Kundi likachangamka. Mwanza akaleta KOMBE, nikarudisha nyeupe moja na kijani nne. Wakajua imebaki herufi moja tu. POMBE, hapana. GOMBE, hapana. Wakabahatisha mpaka nafasi zikaisha, nami nikaandika jibu: SOMBE, majani ya muhogo. Nilifurahi, Shangazi, kwa sababu sikuwa nimewahi kuwashinda wote kwa pamoja.

Unguja akaandika, "Hicho ni Kiswahili cha wapi? Sema kisamvu. Raundi imefutwa." Wengine wakaweka emoji za kucheka. Kisha akatuma ujumbe wa sauti akiniigiza: "Mutoto anakula sombe." Wakacheka tena. Hata mimi niliweka emoji ya kucheka ili nisionekane nimenuna.

Lililonikata maini lilikuja baadaye. Mombasa alitega MTELE. Hakuna aliyepata. Akasema bibi yake ndivyo anavyouita mchele. Unguja huyuhuyu akaandika, "Safi sana, hicho Kimvita cha Mombasa, lahaja ya washairi." Pointi akapewa.

Tangu siku hiyo nakisia tu, sitegi. Zamu yangu ikifika nasema nina kazi, mwingine atege. Binti yangu wa darasa la sita hukaa kando yangu tukicheza, na ule ujumbe wa sauti aliusikia. Juzi nilisema "mutu" mbele ya mteja, akanirekebisha: "Mama, ni mtu. Kiswahili chenu kimevunjika." Mteja alitabasamu. Mimi nilikosa pa kuweka uso.

Mume wangu anasema nitoke kundini. Mwanza aliniandikia pembeni nichague maneno ya kitabuni yaishe. Je, Unguja ana haki ya kufuta neno langu? Nitoke, ninyamaze, au niseme? Na mtoto nimjibu nini?

Binti wa Kivu, Nairobi


SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, kundini usitoke, na kunyamaza usinyamaze.

Hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. Kuna sheria ya mchezo, na kuna kuchekwa. Tuyafungue lilivyo kila moja, maana katika la kwanza rafiki yako ana hoja kidogo, na katika la pili hana hata chembe.

Hoja yake ni hii. Fumbo ni la haki pale anayefumbiwa anapoweza kulifikia jibu. Marafiki zako walikuwa na O, M, B na E mkononi, wamebakiza herufi moja ya mwanzo, lakini mtu wa Unguja au Mwanza hawezi kutoa kichwani neno ambalo halijawahi kuingia. Angejaribu S kwa bahati tu. Hilo lingetosha kusema, "Hili lilikuwa gumu kwetu, tutafute utaratibu." Yeye hakusema hivyo. Alisema si Kiswahili. Hayo ni mashtaka mengine kabisa, na ushahidi hana.

Mchezo mliouiga wenyewe una funzo hapa. Wordle ilitengenezwa na Josh Wardle, mhandisi wa programu kutoka Wales aliyekuwa akiishi New York, kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Ilitolewa kwa watu wote mwezi Oktoba 2021, na Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua. Kiingereza kina takriban maneno 12,000 ya herufi tano, mengi yao hayajulikani na mtu wa kawaida. Kwa hiyo Shah alipitishwa kwenye hayo maneno akawa anasema hili nalijua, hili silijui, mpaka yakabaki kama 2,500. Hayo ndiyo yaliyofaa kuwa majibu. Yale mengine hayakutupwa. Mchezaji aliruhusiwa kuyatumia kukisia, na mchezo ukayapokea bila kumwambia kwamba hajui Kiingereza.

Unaona, mwanangu? Orodha zilikuwa mbili. Ya kukisia ilikuwa pana. Ya majibu ilikuwa nyembamba, na aliyeipunguza hakuwa kamusi wala profesa. Alikuwa mtu mmoja mwenye kupendwa, akiulizwa anajua nini. Nyinyi wa miji mitano mna kazi nzuri zaidi ya hiyo, kwa sababu orodha yenu lazima imkumbuke kila mmoja wenu. Refa mmoja akiipunguza kwa kipimo cha kwao, wanne waliobaki wanacheza nyumbani kwa mwenyeji.

Tuje kwenye kamusi yenyewe. Naiheshimu sana. Iliyotolewa mwaka 1981 na TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, imenilea, na Kamusi Kuu ya BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, ya mwaka 2015 huwa karibu nami ninapoandika. Lakini anayeishika na aijue ilikotoka. Mwaka 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar walikutana Mombasa kuamua Kiswahili kipi kisanifishwe kwa ajili ya shule na vitabu. Kiunguja kikachaguliwa, ingawa Kimvita kilikuwa na watetezi wake, na mwaka 1930 ikaanza kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Haikuwamo mezani. Basi neno la mboga inayopikwa Bukavu kila siku likikosekana kwenye vitabu vilivyotokana na kikao kile, kukosekana huko kunatueleza nani alialikwa. Hakutuelezi nani anasema Kiswahili.

Tena mwambie Unguja kwamba Kiswahili chenu hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilifuata njia za misafara zilizotoka pwani ya Bagamoyo zikapita Tabora na Ujiji, zikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo, ndani ya Kongo. Ilikuwa biashara ya pembe na ya watumwa, historia yenye machozi, na wengi wa waliokibeba hawakuchagua safari. Kilipofika kikazaliwa upya midomoni mwa watu wa Maniema, Kivu na Katanga, na leo katiba ya Kongo inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mwaka 2022, mwaka huohuo mlioanza kutumiana viboksi, nchi yako ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Watu wanaosema "mutoto" ni mamilioni. Hawangoji kibali.

Kuhusu MTELE, umechomwa na una haki ya kuchomwa. Neno lile ni la Kimvita kweli, na Kimvita kina washairi wakubwa; Muyaka bin Haji alikuwa akitunga Mombasa kabla hata ya kuwepo Kiswahili cha kusanifishwa. Nami nalipenda neno la bibi yake Mombasa na ningelipa pointi. Lakini lahaja ya pwani ikipewa heshima kwa kuwa ina mashairi ya zamani, na ya bara ikifutwa kwa kuwa wenyewe walifika Nairobi na mabegi, hapo kinachopimwa si neno tena. Ni mtu. Ndiyo maana umeacha kutega, na ndiyo maana siwezi kukubaliana na Mwanza anayekutaka uchague ya kitabuni yaishe. Hayaishi. Yanahamia kwa mtoto, kama yalivyokwisha kuhamia.

Sasa cha kufanya.

Mpigie Unguja. Usimwandikie, na usilianzishe kundini, kwa sababu kule kila mtu atalazimika kuchagua upande na emoji zitaanza upya. Piga asubuhi akiwa ametulia, msalimiane, muulize ya nyumbani. Kisha mwambie kwa lugha unayoisema jikoni kwako, usijisafishe kwa ajili yake: "Dada, ule ujumbe wa sauti uliniumiza. Mwanangu aliusikia, na sasa ananirekebisha mbele ya wateja. Neno langu ulilifuta, la Mombasa ukalipa pointi. Nataka sheria iwe moja kwa wote." Halafu unyamaze, umwache aseme. Mtu aliyekuwa rafiki tangu chuoni, ambaye wengine wote wamemwamini kuwa refa, yawezekana kabisa hajui kwamba yule mtoto alikuwa amekaa kando yako. Wengi wetu wa pwani tumekulia kwenye kuigana lafudhi, Mpemba anamwiga Muunguja na Muunguja anamwiga Mpemba, tukadhani kila mtu analipokea kama utani wa nyumbani. Utani una watani wake. Mtu aliyekuja ugenini akajifunza kuificha lafudhi yake kila anapofungua mdomo sokoni hachekeshwi nayo.

Akiomba radhi, mpe. Na umwombe jambo moja la ziada: aseme neno kundini, kwa maandishi, kwamba raundi ile inarudishwa. Si kwa ajili ya pointi. Alikufuta mbele ya watu, akurudishe mbele ya watu.

Sheria ipendekezwe na Columbus. Yuko mbali, hana lahaja anayoitetea, na ndiye aliyewaletea mchezo. Mimi ningeiweka hivi: anayetega neno la kwao ataje kwanza mji na aina ya kitu. "Bukavu, chakula." "Mombasa, chakula." Hapo Unguja angejua atafute wapi, na hata asingelijua neno angeweza kumpigia jirani aliyewahi kuishi Uvira, huko Kivu, akamuuliza. Kwenye kukisia, neno lolote linalosemwa kwenu au kwao lipokewe. Neno la kamusini litegwe bila kutaja mji. Na Mombasa naye atangulize mji wake, asisamehewe.

Vitendawili vinatupa jambo jingine mnaloweza kulirudisha. Wazee walipokuwa wakitega, wote wakashindwa, mtegaji alisema "Nipeni mji," akapewa mji, ndipo akatoa jibu. Kushindwa kulikuwa na malipo yake na mtegaji alikuwa na heshima yake. Hakuna aliyesimama kusema kitendawili kimefutwa. Fanyeni hivyo. Neno likiwashinda wote, mtegaji apewe mji, kisha alieleze neno kwa ujumbe wa sauti, alivyolisikia kwao na linavyotumika. Wewe ungewaambia sombe inavyotwangwa kwenye kinu mpaka inalainika, inavyochemshwa muda mrefu kwa sababu majani ya muhogo yasipoiva yana sumu, na mawese yanavyotiwa mwishoni yakaipaka rangi. Unguja angekujibu kwamba kwao kisamvu hutiwa tui la nazi. Mngeamka na njaa wote watano. Na sauti yako ingesikika kundini kwa namna nyingine, ikifundisha.

Mkikaa kuandika sheria, malizeni na mabishano mengine ambayo najua yanawangoja. Vitenzi vikae kwenye shina, maana Kiswahili ukikiachia viambishi, mtu ataandika ATAKA na ASOME na TUONE mpaka alfajiri. Herufi mbili za "ch" zihesabiwe mbili. Ng'ombe na ndugu zake wenye alama katikati waachwe nje. Kanga na khanga, chagueni moja. Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia na irabu, herufi ya tano ni ya thamani ndogo kuliko mnavyodhani. Mimi huanza na KIATU, kisha POMBE. Kwa makisio mawili nimeshazimaliza irabu zote tano na konsonanti tano juu yake.

Kuhusu binti yako, hapo sitaki ungoje hata kesho. Mtoto hajakudharau. Anasoma Nairobi, anasahihishwa kila siku kwa wino mwekundu, akasikia watu wazima wakicheka, akadhani amegundua kosa la mama yake kabla dunia haijaligundua. Alikuwa anakukinga. Mwite jioni mkiwa peke yenu, umwambie Kiswahili cha Bukavu hakijavunjika, kina kanuni zake. Mwonyeshe: kule wanasema mutu, mutoto, mukate. Muulize ameona nini kinachojirudia. Mtoto wa darasa la sita ataiona "mu" hiyo haraka sana, na ataifurahia kama alivyofurahia viboksi. Mwambie pia kwamba kwenye insha ya shule ataandika "mtoto", kwa sababu mtihani una utaratibu wake, na kwa bibi Bukavu atasema "mutoto", kwa sababu bibi naye ana wake. Watoto wa mjini hubadili lugha mara tatu kabla ya kufika shuleni. Hili haliwezi kumshinda. Kisha, kwa upole na bila kupepesa macho, mwambie kwamba mama harekebishwi mbele ya mteja. Hiyo ni adabu, haihusiani na Kiswahili chochote.

Na mwombe akutafutie maneno ya herufi tano ya kwenu. Ampigie bibi yake kwa simu, aandike kwenye daftari. Zamu yako ikirudi uwe nayo mengi.

Mumeo naye ana jambo la kweli analoliona. Anakuona unafunga simu umenyong'onyea, na mwanamume anayempenda mkewe hawezi kufurahia hilo. Mwelezee mpango huu kabla hujampigia Unguja, asije akaona umerudi kuchekwa tena.

Ikiwa Unguja atakataa kabisa, akisema kamusi ni kamusi, basi usibishane naye mara ya pili. Waambie wengine, wazi na bila matusi, kwamba hutashiriki mchezo ambao neno la kwenu halina mahali, lakini kwenye harusi na misiba utakuwepo kama siku zote. Waalike wanaotaka kucheza kwa sheria mpya, mwanzishe raundi yenu pembeni. Nadhani Mombasa atakuwa wa kwanza kukufuata. Yeye mwenyewe anatoka kwenye lahaja iliyokosa kuchaguliwa mwaka 1928, na neno la bibi yake anataka liendelee kupewa pointi.

Shangazi